Kapu lisiishie getini

Mwezi Desemba, katika wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, zawadi huwa za aina mbili, na zote hupita barabara ileile ya tope. Ya kwanza inajulikana kwa kila anayeingia dukani siku hizo: kapu la sikukuu, ndani mna mchele, lita ya mafuta ya kula, sukari, majani ya chai, sabuni, pakiti ya biskuti na chupa mbili za juisi, juu limefunikwa karatasi ya nailoni inayong'aa na kufungwa utepe mwekundu uliokunjwa mfano wa ua. Ya pili haitiwi kapuni. Inavishwa mwilini mwa msichana: khanga mpya mabegani, khanga nyingine juu ya ile, noti zimebanwa kwa pini kifuani, mwavuli umefunguliwa juu yake hata kama hakuna jua wala mvua, na pembeni wanawake wanaimba, vijana wanapuliza filimbi na kuinua fimbo na mapanga. Msichana mwenyewe anakwenda polepole mno, hatua fupi fupi, macho chini. Ametoka kukeketwa asubuhi ileile, anarudishwa nyumbani.

Kwa miaka niliyofuatilia habari za Desemba katika wilaya hizi, nimeziona zawadi hizi mbili zikiandikwa kwenye kurasa tofauti: kapu kwenye ukurasa wa hisani, khanga na noti kwenye ukurasa wa ukatili wa kijinsia. Nadhani mgawanyo huo ndio uliotupotosha. Zawadi hizi zinashindana. Zinamlenga msichana yuleyule, katika wiki zilezile, na kila moja inadai kumwambia yeye ni nani na ni wa nani. Katika mashindano hayo kapu linashindwa, wala udogo wake si sababu. Linashindwa kwa kuwa linatolewa na mgeni, linapokelewa mbali na macho ya ndugu, na safari yake inakomea kwenye geti la nyumba salama. Ninachotaka kutetea hapa ni jambo moja tu: kapu la Krismasi likitaka kuwa na maana Tarime na Serengeti, lazima livuke geti hilo na kumsindikiza msichana hadi kwao, Januari, kwa mikono ya watu anaoishi nao.

Kwa asiyeijua hali yenyewe, maelezo kidogo. Wakurya, ambao ndio wengi Tarime na wapo kwa wingi Serengeti, wamegawanyika katika koo: Wakira, Wanchari, Wairegi, Wanyabasi, Watimbaru, Warenchoka, Wanyamongo na nyinginezo. Kila ukoo una baraza lake la wazee wa mila, inchama, na ndilo hutangaza kama mwaka huu kuna tohara au hakuna. Wavulana hutahiriwa na wasichana hukeketwa katika msimu mmoja. Kwa kawaida huwa ni miaka ya shufwa, ingawa koo hazifanani, na mwezi huwa Desemba kwa sababu shule zimefungwa na kidonda kina wiki kadhaa za kupona. Ni kejeli chungu kwamba kalenda ya shule, ambayo wengi walitarajia ingemtoa mtoto kwenye kisu, ndiyo imegeuka saa ya ngariba. Wasichana wanaokataa hukimbia. Tarime hupokelewa Masanga, kwenye kituo kilicho chini ya Kanisa Katoliki, na Serengeti hupokelewa Mugumu, ambako nyumba salama ilifunguliwa mwaka 2014 chini ya Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana. Sura iliyojulikana zaidi ya nyumba hiyo ni Rhobi Samwelly, mwanamke aliyekeketwa mwenyewe akiwa binti mdogo, na ambaye tangu mwaka 2017 anaongoza shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, lenye nyumba Mugumu na nyingine wilayani Butiama. Mwezi Septemba nyumba hizi huwa na utulivu. Ikifika wiki ya pili ya Desemba ya mwaka wa msimu, wasichana huhesabiwa kwa mamia, magodoro hutandikwa hadi madarasani, na ndipo makapu nayo huanza kuwasili.

Tuitazame kwanza zawadi ya barabarani, maana ndiyo yenye nguvu. Wanaoitoa ni watu wenye majina katika maisha ya msichana: shangazi, mama mdogo, mjomba, rafiki wa baba, kaka aliyekuja likizo kutoka jeshini au polisi, kazi ambazo Wakurya wamezishika tangu enzi za KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza. Anayebandika noti anaibandika watu wakiona, na wanaoona wanakumbuka nani alitoa nini, kwa sababu msimu mwingine zamu itakuwa ya binti wa mtoaji. Zawadi ile kwa hiyo ni deni linalozunguka kati ya boma na boma, na deni la namna hiyo huwashika watu kuliko kiapo. Ina ujumbe pia: tangu leo wewe si msagane. Neno hilo ni jina la msichana asiyekeketwa, na ni tusi. Huzomewa nalo kisimani, huambiwa hataolewa, na mama yake huulizwa amemlea vipi. Nyuma ya ujumbe kuna hesabu. Aliyekeketwa hutarajiwa kuleta mahari nono zaidi, ngariba hulipwa kwa kichwa, na wazee wa mila wana fungu lao katika malipo hayo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 169A, kinachomtia hatiani mlezi anayesababisha msichana chini ya miaka 18 akeketwe: kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili, pamoja na fidia kwa aliyeumizwa. Faini hiyo leo haifiki bei ya ng'ombe mmoja mwenye afya mnadani. Mzazi anayepiga hesabu kwa ng'ombe hahitaji kusoma sheria ili ajue upande upi una faida.

Sasa kapu. Asili yake ni mbali. Waingereza walikuwa na desturi ya kuwapa watumishi na mafundi boksi la zawadi kesho yake ya Krismasi, na ndiko inakotoka ile sikukuu ya tarehe 26 Desemba ambayo sisi tunaendelea kupumzika bila kujiuliza boksi liko wapi. Ilikuwa zawadi ya kushuka, kutoka kwa mwenye nyumba kwenda kwa mtumishi, na hadi leo kapu la sikukuu halijabadili mwendo huo: mwajiri kwa mfanyakazi, benki kwa mteja, mbunge kwa wapiga kura wake, Ikulu kwa vituo vya watoto na wazee, ambavyo marais wetu wamezoea kuvitumia mchele, mafuta na mbuzi kama mkono wa sikukuu. Sina ugomvi na mkono huo. Mbuzi wa Ikulu huliwa akawa mtamu kama mbuzi mwingine. Lakini tazama kapu linapofika nyumba salama. Gari linaingia, bango linafunguliwa, wasichana wanapangwa mstari, hotuba inasemwa, picha zinapigwa. Kisha kapu lililofungashwa kwa familia ya watu watano linafunguliwa stoo, kwa ajili ya watu mia mbili. Biskuti zinavunjwa nusu. Juisi inaongezwa maji. Utepe unachukuliwa na mdogo kuliko wote, akafunga nywele. Hakuna kapu lililoandikwa jina la msichana yeyote, na mtoaji hawezi kutaja hata jina moja la aliowapa. Gari linarudi Musoma au Mwanza kabla ya giza, na Desemba ijayo huenda likaenda kwingine.

Weka picha hizo mbili pamoja, uzitazame kwa jicho la binti wa miaka 13. Aliyebaki nyumbani amepewa na watu wake, mbele ya watu wake, kwa jina lake. Aliyekimbia amepewa na watu asiowajua, nyuma ya ukuta, kwa jina la kundi: wahanga. Tunapenda kusema kwamba aliyekimbia amekikimbia kisu, na ni kweli, ila ameacha zaidi ya kisu. Ameacha khanga za shangazi, ameacha nyama ya Krismasi inayogawanywa kwa ukoo, ameacha wenzake wa rika ambao baada ya msimu huu watakuwa na jina moja la pamoja na yeye hatakuwa nalo. Biskuti nusu haiwezi kufidia hayo, na ni dhuluma kuidai ifidie. Ndiyo maana naona hatari ya kweli haiko katika Desemba, mwezi ambao macho yote yako Mugumu na Masanga, bali katika Januari, wakati msichana anarudi kijijini mikono mitupu na kuwakuta wenzake wamevaa khanga zao mpya.

Takwimu zinaruhusu hoja hii, ingawa haziithibitishi peke yake. Utafiti wa afya na demografia wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 28. Kitaifa idadi ilitoka asilimia 10 hadi 8. Ni kweli kwamba vipimo hivi huchelewa, kwa kuwa humhesabu pia mama wa miaka 45 aliyekeketwa zamani, na msichana aliyeokolewa akiwa na miaka 12 haonekani humo mpaka afikishe 15. Hata hivyo sheria ilikuwapo muda wote huo, nyumba salama zilikuwapo, makapu yalikuwapo, na bado zaidi ya robo ya wanawake wa mkoa wamepitia kisu. Anayetafuta kilichobaki bila kuguswa hana haja ya kwenda mbali. Sheria imemgusa ngariba na mzazi. Nyumba salama zimemgusa msichana anayekimbia. Zawadi ya barabarani, ile noti yenye pini, hakuna aliyeipa mshindani.

Mshindani yupo, na tayari ana jina la Kiswahili: kikoba. Mfumo huu wa kuweka na kukopeshana ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ukaenea Afrika, na leo ni vigumu kupata kijiji Tarime au Serengeti kisicho na kundi la wanawake wanaokutana kila wiki kuzunguka kasha la bati lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na watu watatu tofauti, kasha hukaa kwa wa nne, na Desemba kasha linafunguliwa, kila mtu anapata hisa zake na faida. Makundi mengi huwa na mchango wa pembeni wa sikukuu: mchele wa gunia moja uliogawanywa kwa kipimo, mafuta ya dumu moja, ng'ombe mmoja aliyechangiwa na watu kumi. Hilo ndilo kapu la Krismasi la kwetu. Halishuki kutoka kwa mtu yeyote. Linatoka kwa jirani kwenda kwa jirani, na kila aliyemo alichangia. Waingereza wenye kipato kidogo nao walikuwa na njia yao ya kujiwekea akiba ya kapu mwaka mzima, isipokuwa walikabidhi fedha kwa kampuni. Oktoba 2006 kampuni moja ya namna hiyo, Farepak, ilifilisika, na zaidi ya watu 100,000 walibaki bila kapu na bila akiba wiki chache kabla ya Krismasi. Kufuli tatu za kasha la bati zinaweza kuonekana za kishamba, lakini aliyezibuni alijua anachokiogopa.

Napendekeza basi kwamba kapu la msichana aliyekimbia lipitie mkono huo. Utaratibu wa kumrudisha binti nyumbani upo na unafahamika. Msimu unapokwisha, ofisa ustawi wa jamii, polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto, watu wa nyumba salama na viongozi wa kijiji hukaa na wazazi. Wazazi huahidi kwa maandishi kwamba binti hatakeketwa. Binti hurudishwa, na baada ya hapo hufuatiliwa. Wanaosimamia kazi hii wanajua kwamba wengi hurudi salama, kwamba wazazi wengine hukataa katakata, na kwamba kati ya kukubali na kukataa kuna eneo pana la kusitasita. Katika eneo hilo ndimo kapu linaweza kufanya kazi. Binti anashuka kwenye gari la ustawi, na wanaompokea ni shangazi yake na wanawake sita wa kikoba cha kitongoji, wamebeba mchele, mafuta, khanga mbili, na juu ya hayo vitu vya Januari: sare, viatu, madaftari, taulo za kike. Ada ya shule iliondolewa tangu mwaka 2016, lakini sare haikuondolewa, wala viatu, wala daftari, na baba anayesitasita mara nyingi husitasita kwa sababu ya hivyo hivyo. Kampuni au benki iliyotaka kutoa inaweza kulipia yote hayo kwa furaha. Inachopoteza ni bango tu.

Atanijibu mtu kwamba wasichana wana njaa sasa, kwamba watoto mia mbili hawali nadharia ya zawadi. Ana haki kabisa, na simwambii mtu asipeleke chakula. Namwambia asipeleke kapu. Nyumba yenye watu mia mbili inataka magunia ya unga na maharage, madumu ya mafuta, kuni, sabuni ya mche kwa katoni, na inavitaka Machi na Julai pia, wakati hakuna Krismasi na wale ambao hawakuweza kurudi kwao bado wapo mezani. Zaidi ya chakula, inataka vitu ambavyo havipendezi kwenye picha. Mfano mzuri ninaoujua ni ramani. Msichana anayetaka kuokolewa usiku hupiga simu na kutaja kitongoji. Zamani polisi na waokoaji walitoka, hawajui njia, kijiji chenyewe hakimo kwenye ramani yoyote, na kisu kikawahi. Mwaka 2015 mradi wa Crowd2Map Tanzania ulianza kuwakusanya watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, ambao kwa kutazama picha za setilaiti walichora barabara na nyumba za vijijini kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, na watu wa vijijini wenyewe, wakiwa na simu, wakaongeza majina. Watu walioketi mbele ya kompyuta Ulaya walimpa msichana wa Serengeti zawadi isiyo na utepe, na gari likafika. Hawakumjua jina, nakubali, na hilo linaipunguza makali hoja yangu juu ya mkono wa mgeni. Naisahihisha hivi: mgeni anaweza kutoa barabara, unga na dawa, lakini kumwambia binti kwamba yeye ni wetu ndiko asikoweza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wanaolitoa ni watu waliokesha kwenye nyumba hizo. Wanasema: mnataka kumzawadia baba aliyenunua wembe? Leo mnampa mchele kwa kutomkata binti yake, kesho jirani yake atatangaza kumkata wa kwake ili naye apewe. Hatari hiyo ipo kweli, na njia ya kuizuia ni kuangalia mkononi mwa nani kitu kinawekwa. Zawadi ya barabarani haimpi baba kitu. Noti zimebanwa kwenye khanga ya binti. Kapu la kumrudisha nalo liwe la binti, lisomwe kwa jina lake mbele ya wote, na kila kilichomo kiwe kitu anachotumia yeye. Mchele utaliwa na baba pia, bila shaka, kama anavyokula mchele wowote wa nyumba yake. Na ahadi aliyoiandika mbele ya polisi inabaki palepale, pamoja na kifungu cha 169A. Akiivunja, kapu halimkingi. Ningeogopa zaidi kama tungempa baba fedha, au mbuzi, au kitu chochote kinachoingia zizini.

Wazee wa mila husema kwa upande wao kwamba wageni wananunua mabinti zetu kwa peremende. Ni maneno ya watu wanaopokea fungu kwa kila kichwa, lakini yana ukweli wake, na ndio huo huo ninaoutetea: kapu la mgeni linafanana na ununuzi. Likitoka kwa shangazi halifanani tena. Kuna pia Wakristo wanaolalamika kwamba Krismasi inageuzwa kampeni. Hao sina la kuwaambia zaidi ya kwamba nyumba zote mbili, ya Masanga na ya Mugumu, zilianzishwa chini ya makanisa, na kwamba Tarime ilikuwa na kampeni yake kabla kanisa halijafika.

Kwa wale wasioweza kurudi, hoja yangu inapungukiwa, na sitajifanya haipungukiwi. Yuko binti ambaye baba yake amemkana mbele ya ofisa ustawi, na yuko aliyerudishwa akakuta maandalizi yanamsubiri, akakimbia mara ya pili. Kumtafutia kikoba cha kumpokea ni kumtafutia hatari. Baadhi yao wana mama mkubwa kijiji kingine, au ng'ambo ya mpaka wa Sirari, ingawa ng'ambo nako si kimbilio la hakika, kwani koo ni zilezile na visu vimevuka mpaka pande zote mbili licha ya sheria kali ya Kenya ya mwaka 2011. Waliobaki, ndugu zao ni wasichana wenzao na walezi wa nyumba. Kwao zawadi yenye maana ni kidato cha kwanza hadi chuo bila kukatika, na anayetaka kuitoa ajue anatoa ya miaka saba au minane.

Limebaki pingamizi moja ambalo ndilo hunisumbua. Wanawake wa kikoba ni haohao wanaoimba barabarani. Mwenyekiti wa kundi anaweza kuwa mama wa binti aliyevishwa khanga wiki iliyopita, mweka hazina anaweza kuwa mke wa mzee wa inchama, na huenda hata ngariba ana hisa zake kumi ndani ya kasha. Kuwaomba wampokee binti aliyekimbia ni kuwaomba wajipinge wenyewe. Nimelitafakari hili nikaona jibu halipo katika kuwabadili mawazo. Tumejaribu semina kwa miaka mingi, na posho zake. Jibu lipo katika katiba ya kikundi. Karibu kila kikoba kina mfuko wa jamii, mchango mdogo unaotolewa kila wiki mbali na hisa, na katiba inataja nani anapewa: aliyefiwa, aliyelazwa, aliyejifungua, aliyeunguliwa nyumba. Orodha hiyo haibagui. Mtu akifiwa na mzee mlevi aliyemtesa, fungu la msiba linatoka vilevile, hakuna anayeuliza kama marehemu alistahili, na hata adui yake kwenye kundi huinua mkono kuidhinisha kwa sababu kesho zamu ni yake. Ongeza mstari mmoja kwenye orodha hiyo: binti wa mwanachama anayerudi nyumbani Januari. Hauhitaji kusema ametoka wapi wala alikimbia nini. Mama anayemwona msagane kama aibu atauidhinisha kwa midomo iliyofungwa, kama anavyoidhinisha mengine, na atachukua zamu yake kubeba mchele. Deni litakuwa limeanza kuzunguka kwa upande wa pili. Na katika vikoba, mfuko wa jamii huhesabiwa kwanza, kabla ya hisa, kwenye bakuli lake, watu wote wakiwa wamekaa mkekani na kutazama.